Mahari Imebadirika

Kwenye ukuta wa nyumba moja karibu na kwangu hapa Kitale kuna maandishi makubwa ya rangi nyekundu: NYUMBA YA KUKONDISHA. Mwenye nyumba alitaka kusema ya kukodisha, lakini n moja imejipenyeza katikati, na sasa anawaahidi wapangaji kwamba wakihamia humo watakonda. Napita hapo asubuhi nikienda kununua maziwa, napita tena jioni, na kila nikipita damu hunichemka. Nimeshamwambia mwenyewe. Aliniangalia kwa huruma akasema, "Mwalimu, mbona nyumba zote zimejaa?"

Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi tangu ujanani hadi mvi zilipotoka. Kalamu nyekundu niliiacha shuleni nilipostaafu, lakini macho yalikataa kustaafu. Kanisani, tangazo ukutani linatusihi tuwaombee wangojwa, nami badala ya kufumba macho niombe najiuliza hao wangojwa wanangojwa na nani. Mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizi mama mwenye watoto wake, ananiandikia: "Mwalim xaxa, ckuoni ckuizi." Nabaki na simu mkononi nikijaribu kukumbuka ni mimi au ni nani aliyemfundisha kwamba x ni s. Wanangu wameniambia niache. Wanasema lugha inakua. Nawajibu kwamba hata magugu yanakua.

Wanacheka, lakini mimi huumia kwelikweli. Nilitumia nguvu zangu zote kuwafundisha watoto wa watu kwamba kiti ni kile na viti ni vile, na sasa kila mahali naona kiti hii, viti hizi, meza mzuri, watu zote. Ni kama kumlea mtoto vizuri, kisha unamkuta barabarani amevaa shati nje ndani na wapita njia hawaoni kitu.

Ndugu yangu, kitinda mimba wetu, yeye ni fundi wa kuchomelea mageti pale Kanduyi, ukingoni mwa mji wa Bungoma. Ukiona geti lenye simba wawili wa chuma wanaotazamana, na simba mmoja ana sura ya mtu aliyeudhika, jua ni kazi yake. Sisi kwetu asili ni upande wa Malakisi, na huko l na r ni kama ndugu wawili wanaovaliana nguo. Mtu huenda kurara, huamka akala ugari, na akikuona hukukalibisha kwa moyo mweupe. Huo mzaha wa kula na kura unaochezwa kila uchaguzi umeshachakaa, sitaurudia. Hata mimi niliitoa r hiyo mdomoni kwa shida nikiwa chuo cha ualimu, na nikikasirika sana hunirudia bila kubisha hodi.

Yeye haikumtoka. Alipokuwa mdogo mwalimu mmoja alimsimamisha mbele ya darasa asome, akasoma, darasa likacheka. Mwalimu akamrudisha mwanzo, akasoma vilevile, wakacheka zaidi. Mimi nilikuwa darasa la juu na nilizisikia zile kelele kupitia ukutani bila kujua anayechekwa ni wetu. Tangu siku hiyo aliacha kusoma kwa sauti. Baadaye akaacha kusoma kabisa, akaenda kujifunza kuunganisha vyuma, na sidhani kama aliandika barua hata moja katika ujana wake wote.

Ndipo simu zikaja. Mtu ambaye asingeshika kalamu hata kwa kulazimishwa, sasa anaandika kuanzia chai ya asubuhi. Anawaandikia wateja, anaandikia watu wa kanisa, anatuandikia sisi jamaa zake habali za mvua na bei ya vyuma. Wakati mwingine nafikiri makosa haya yalikuwepo siku zote, ila zamani walioandika walikuwa makarani, walimu na wachungaji, na wengine wote walinyamaza. Wazo hilo silipendi, kwa sababu linanipokonya nusu ya hasira yangu. Lakini huja, hasa nikisoma ujumbe wa ndugu yangu na kuisikia sauti yake ndani.

Binti yake wa kwanza aliishi kwangu alipokuwa anasomea uuguzi hapa Kitale. Ananiita Senge, ndivyo kwetu tunavyomwita shangazi, na watu wa pwani wasinicheke. Ni msichana mpole, anayefua nguo zako kabla hujamwomba. Hapa hapa Kitale ndipo alipompata kijana wa Endebess, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kule chini ya mlima, na siku aliyomleta nyumbani kwangu anywe chai, alinyanyuka haraka kunisalimu akaimwaga sukari mezani. Nilimpenda kijana yule kwa sababu aliizoa ile sukari bila kusema neno.

Wazee wa pande mbili walikutana Kanduyi kuzungumzia mahari. Kikao kilikuwa kigumu. Wajomba zetu walivuta huku, wageni wakavuta kule, chai ikapoa vikombeni. Mwishowe walikubaliana, lakini wageni walirudi mlimani midomo imewavimba. Ilipangwa kwamba wangekuja tena Jumamosi fulani kuileta hiyo mahari na kula pamoja, na baada ya hapo harusi ingetangazwa kanisani. Ili mambo yaende sawa, vijana wakafungua kundi kwenye simu na kutuingiza sote, wazazi, wajomba na masenge wa pande zote mbili.

Humo ndani ndugu yangu aliandika kwa furaha kubwa, nami nilimsahihisha kwa furaha kubwa vilevile. Akiandika "kalibuni", naandika chini yake neno sahihi nikilitangulizia kinyota, kama ninavyoona watu wakifanya. Akiandika "tutakura pamoja", naweka kinyota. Siku moja alinijibu mbele ya wote: "Dada si umeerewa?" Nikamwandikia kwamba nimeelewa, lakini kuelewa si sababu ya kuandika ovyo. Akaandika: "Kama umeerewa imetosha."

Jioni hiyo binti yake alinipigia simu. Alizunguka, akaniuliza habari za miguu yangu na habari za kuku, kisha akasema, "Senge, nakuomba kitu. Usimsahihishe baba kwa hilo kundi. Wakwe wanaona. Mama mkwe alikuwa mwalimu wa chekechea, anaona yote."

"Mimi namsaidia," nikasema.

"Najua, Senge. Lakini baba akiona kinyota anaweka simu chini na hasemi na mtu."

Hilo sikulijua. Nikamwahidi kwamba sitaweka kinyota tena mpaka harusi ipite, hata ndugu yangu aandike nini.

Wiki ile ya kuleta mahari mvua ilinyesha Bungoma bila kupumzika. Boma la ndugu yangu likawa tope tupu, hema lisingesimama. Akaenda kanisani kwao akaomba ukumbi, akapewa, ukumbi mpana wenye viti na bati zima. Jumatano alasiri, kwa furaha ya kupata ukumbi, aliwaandikia wakwe katika lile kundi:

"Wakwe wapendwa kalibuni. Kwa sababu zisizoepukika mahari ya jumamosi imebadirika. Hii ni kubwa kuriko ire ya kwanza. Mtaerezwa mkifika Kanduyi. Mungu awabaliki."

Niliusoma ujumbe ule kwa sauti yake, kama ninavyosoma kila anachoandika, na nikamwelewa papo hapo: mahali pamebadilika, ni pakubwa kuliko pale pa kwanza, mtaelezwa pa kwenda mkifika. Kidole kilikimbilia kinyota. Nikaikumbuka ahadi yangu. Nikailaza simu kifudifudi mezani nikaenda kumenya viazi, huku najisifu moyoni kwamba hata mimi naweza kunyamaza.

Kundi lilikaa kimya. Hakuna aliyeandika amina, na ndugu yangu akimtaja Mungu huwa zinafuata amina za kutosha. Kisha maandishi madogo yakaonyesha kwamba mjomba wa kijana ametoka kwenye kundi. Nikadhani amebonyeza vibaya, wazee wengi hubonyeza vibaya. Jua halijazama binti akanipigia, analia hata maneno hayashikani.

"Senge, wamesema hawaji. Wamesema baba ana tamaa. Ati ananipandisha bei kama mafuta ya taa."

"Nani amepandisha nini?"

"Soma ujumbe wa baba, Senge. Usome kama mtu asiyemjua baba."

Nikausoma hivyo. Mahari ya Jumamosi imebadilika. Hii ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Mtaelezwa mkifika. Nikakaa kitini na viazi vyangu vikiungua jikoni. Mtu aliyekuja kikao cha kwanza akaondoka na kinyongo, halafu ukamwandikia maneno hayo, atafikiri nini? Na kule mlimani l na r haziwachanganyi hata kidogo. Kwao mahari ni mahari.

Kilichonichoma zaidi ni jambo ambalo labda mwalimu peke yake angelifikiria wakati kama huo. Herufi moja tu isingeleta balaa yote ile. Neno mahali lina ngeli yake, linachukua pa: mahali pamebadilika, ni pakubwa kuliko pale. Kama ndugu yangu angeandika hivyo, hata kwa r yake, msomaji angesita akajiuliza, mahari gani hii inayochukua pa? Hizo pa zingewashika mkono wakwe na kuwafikisha ukumbini. Lakini bara lote sasa tunasema mahali imebadilika, mahali ni kubwa, mahali ile, tunasema si umeelewa, na siku ambayo hatujaelewana hakuna kilichobaki cha kutuokoa. Nilitaka kutoka nje nimpigie kelele mtu, ila sikujua nani.

Nikampigia ndugu yangu.

"Wameniita mrafi," akasema kabla sijamsalimu. Nyuma yake mashine ya kukata vyuma ilikuwa inalia. "Mimi! Nimewatafutia hadi kanisa ya kukaa wasinyeshewe, ati mimi ni mrafi."

"Uliandika mahari imebadilika."

"Si imebadirika? Ni uongo?"

"Ulitaka kuandika mahali."

"Si ndiyo hiyo nimeandika, dada? Mahari."

"Sema ma-ha-li."

"Ma-ha-ri."

Mashine ikazimwa. Nilimsikia akihema. Kisha, polepole, akasema, "Kwa hivyo wamesoma ire ya ng'ombe."

"Wamesoma ile ya ng'ombe."

Nilingoja acheke. Kwa kweli mimi mwenyewe nilikuwa karibu kucheka, maana jambo lilikuwa limekwisha, kilichobaki ni kuwaeleza. Lakini hakucheka.

"Dada, usiwaambie."

"Nisipowaambia harusi haipo. Mtoto wako amenipigia akilia."

"Nitasimama aje mbere yao? Baba ya bibi harusi, mzee mzima, hajui kuandika mahari. Heri waseme mimi ni mrafi. Mrafi watu wanamuogopa. Mjinga anachekwa hata na watoto."

Nilimkasirikia sana. Nilimwambia anataka kumwozesha binti yake kiburi badala ya mume. Nilimwambia mambo mengine pia, na katikati ya hasira nikajisikia mwenyewe nikisema "kiburi chako kitaharibu maisha ya mtoto" kwa namna ambayo haikuwa ya chuo cha ualimu: kibuli, kitahalibu. Yeye alisikia, lakini hakunicheka. Nikakumbuka zile kelele za darasa lake zilizokuja kupitia ukutani, na hasira ikaniishia. Nikamwambia alale, nitaona la kufanya.

Kesho yake asubuhi nilivaa gauni langu la kanisani nikaenda Endebess. Mlima ulikuwa wazi, mahindi yamenyanyuka vizuri pande zote, nami sikuyaangalia kwa raha hata kidogo. Nilikuwa napanga maneno. Ningewaeleza kama mwalimu: sauti l na sauti r, namna ulimi unavyokaa, athari za lugha ya mama, hotuba nzuri kabisa. Nilipofika getini kwao ndipo nilipotambua kwamba hotuba yote ile, ukiikamua, inatoa sentensi moja tu: ndugu yangu hajui kuandika.

Walinipokea kwa adabu. Hilo liliniogopesha kuliko kelele. Mama wa kijana aliniwekea kikombe cha mala, maziwa mazito yaliyoganda, akakaa mkabala nami mikono mapajani. Mjomba aliyetoka kwenye kundi alinisalimu kisha akaenda zizini. Baba wa kijana alitoa simu yake, akaishika mbali na macho kama wazee wote, akanisomea.

"Mwalimu, tusikilisane. Hapa imeantikwa, mahari ya Jumamosi imepatirika. Hii ni kupwa." Akanitazama juu ya miwani. "Kupwa kuliko. Sisi tulikupaliana na ninyi mpele ya wasee. Sasa hii nyingine imetoka wapi?"

Kule kwao b hugeuka ikawa p, na d huwa t, na z huenda kwa s. Nimesahihisha daftari za watoto wa mlimani na za watoto wa Bungoma miaka yote hiyo, nikazikoroga nyekundu zote sawasawa. Yule mzee alisoma vile na hakuna mtu nyumbani mwake aliyecheka. Kwa nini wacheke? Walimwelewa.

Nikafungua mdomo kuanza hotuba. Nikamwona ndugu yangu Jumamosi, amesimama ukumbini amevaa koti lake la kijivu, na watu wazima wanagongana viwiko.

"Ni mimi niliyeandika," nikasema.

Mzee akavua miwani.

"Nilikuwa nimemtembelea ndugu yangu. Alikuwa kazini, mikono ina masizi, akaniambia, dada, niandikie wakwe kwamba mahali pa kukutania pamebadilika, boma limejaa matope, tumepata ukumbi wa kanisa. Nikaandika mbio mbio. Kwetu l na r hutuvuruga. Nikaweka mahari. Hakuna ng'ombe aliyeongezwa, mzee wangu. Kilichokuwa kikubwa ni ukumbi."

Aliivaa tena miwani, akausoma ujumbe upya, safari hii midomo ikicheza bila sauti. Nikaona mabega yanaanza kutikisika.

"Ukumpi," akasema. "Kupwa kuliko ile ya kwansa. Ni ukumpi!" Akapiga goti lake kwa kofi. "Na wewe si ni mwalimu?"

"Mwalimu."

"Wa nini?"

"Wa Kiswahili."

Alicheka mpaka akakohoa. Akamwita shemeji yake kutoka zizini aje asikie, akamsimulia, akaniuliza tena mbele yake mimi ni mwalimu wa nini, nikajibu tena. Yule mjomba alishika mlango ili asianguke. "Ko!" akasema. "Ntiyo maana watoto wetu wanapata chini!"

Sitadanganya kwamba niliipokea vizuri. Niliona aibu, aibu yenyewe, ile inayowasha masikio. Kitu kimoja nilichokuwa nacho maishani ambacho hakuna aliyenishinda kijijini kwetu kilikuwa ni Kiswahili changu, nami nilikuwa nimekiweka sakafuni wakikanyage. Nilinywa mala nisizitazame nyuso zao.

Mama wa kijana peke yake hakucheka. Aliinama mbele, akaongea taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu.

"Mwalimu, usijali hiyo r. Hiyo ni ya mdomo. Lakini hapa umeweka imebadirika. Mahali si inachukua pa? Mahali pale. Mahali pazuri. Hata watoto wangu wa chekechea walikuwa wanaimba."

"Ni kweli," nikasema.

"Mahali pamebadilika."

Alikuwa ananingoja nirudie. Nilistaafu ualimu mimi, nina wajukuu. "Mahali pamebadilika," nikarudia.

"Vizuri sana," akasema.

Aliponisindikiza hadi getini, tukiwa mbali na masikio ya wanaume, alinishika mkono na hakuuachia. "Mimi nimesoma kila kitu umeandika kwa hilo kundi," akasema, "na vinyota vyako vyote. Mkono wa mwalimu naujua." Akaangalia upande wa mlima kana kwamba tunazungumzia hali ya hewa. "Huyo ndugu yako ana dada kweli. Mwambie tunakuja."

Jumamosi walikuja kweli, wamejaa tele, wakitembea pembeni mwa barabara wasichafue viatu. Mvua ilitushikilia hadi saa za chakula na bati la ukumbi lilipiga kelele, lakini hakuna aliyeloa. Ndugu yangu alikuwa amevaa lile koti la kijivu na ameliweka tabasamu kama mtu anayengoja kudungwa sindano. Mimi sikuwa nimemweleza kitu zaidi ya kwamba yamekwisha, wanakuja. Aliniuliza nimewaambia nini, nikamwambia mambo ya wanawake.

Basi wageni walipokaa, baba wa kijana akasimama kusalimu. Alianza na sala, akashukuru, kisha akanitafuta kwa macho.

"Kapla sijakaa, nataka kuulisa mwalimu wetu wa Kiswahili," akasema. "Mahali ni hapa hapa, ama itapatilika tena?"

Upande wao wote uliangua kicheko. Walikuwa wamesimuliana njia nzima. Mjomba wa zizini akaongeza kwamba yeye sasa anahofia nikimwandikia, nisije nikamuuza. Mama wa kijana akapaza sauti, "Mwalimu, mahali pa-?" na mimi, mbele ya ndugu zangu, wachungaji na vijana niliowafundisha, nikaitikia, "Pamebadilika!" Wakapiga makofi. Upande wetu walikuwa wanatazamana, hawajui kinachochekesha, mpaka mmoja wa wageni akawaeleza kwamba ni yule senge mwalimu aliyeandika ujumbe kwa simu ya ndugu yake akawatia watu wazima homa.

Ndugu yangu alikuwa ameshika chupa ya soda. Aliishusha mezani bila kuinywa. Alinitazama, nami nikamtazama, na binti yake aliyekaa kando yangu akaubana mkono wangu mpaka pete yake ikaniumiza. Sijui ndugu yangu alikuwa anafikiri nini. Usoni alionekana kama yule mtoto aliyerudi nyumbani siku ile akakaa nyuma ya ghala na hakutaka kula. Kisha akasimama, ingawa haikuwa zamu yake, na mtu yule ambaye hajawahi kusoma kwa sauti tangu utotoni akawahutubia wakwe zake wote kwa l na r alizozaliwa nazo. Akawakalibisha. Akawaambia wasiharakishe kurudi mrimani, chakura kipo. Hakuna hata mmoja aliyemcheka, maana kicheko chote cha siku ile kilikuwa kimeshapata mwenyewe.

Binti ameolewa. Wanaishi Kitale, na kijana yule bado huzoa sukari inayomwagika. Mimi nami sijabadilika kiasi hicho. Ile NYUMBA YA KUKONDISHA ipo palepale na damu bado hunichemka, na Jumapili iliyopita nilimwandama katibu wa kanisa hadi akawarudisha wagonjwa ukutani. Kule Endebess nimebaki kuwa mwalimu asiyejua ngeli. Watoto wa huko wakinipita njiani wananiuliza mahali ni pa nini. Nawajibu. Inaniuma kidogo kila mara, siwezi kusema haiumi.

Ndugu yangu hakunishukuru siku ile, wala juma lile. Hatuna mazoea hayo. Tena alikuwa hajawahi kuniandikia mimi peke yangu. Alikuwa akituandikia sote kwa pamoja tu, nadhani kwa sababu ya vinyota. Lakini siku moja, nimekaa mlangoni nachambua maharagwe, simu ikalia, na ujumbe ulikuwa wangu peke yangu:

"Dada. Mahari pako hapa kwangu hapabadiriki."

Niliusoma, nikausoma tena. Pako. Hapa. Hapabadiriki. Kila pa ilikuwa mahali pake, hakuna hata moja iliyopotea; alikuwa amezisikia nikifundishwa mbele ya watu Jumamosi nzima, akazishika zote. Zilibaki zile r mbili tu. Kidole changu, kwa mazoea, kilikuwa kimeshafika kwenye kinyota. Nikakiondoa, nikafuta macho kwa upindo wa kanga, nikamwandikia neno moja, nikilisoma kwa sauti herufi baada ya herufi ili nisikosee:

"Nimeerewa."